Mlima Nyuma ya Kifaru

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki nguoni mwa jirani, wala nguoni mwa shemeji. Hata hivyo, wengi wetu tukiitamka methali hii huwa tumeshanyoosha kidole, na kidole chenyewe hakielekei kifuani petu. Maana yake ni kwamba kinachokudhuru hakitoki mbali. Kipo karibu nawe, pengine karibu kuliko unavyopenda kuamini. Mtu mmoja aliijua methali hii vizuri, akaitumia mbele ya watu, nayo ikamgeukia.

Mtu huyo alikuwa mpiga picha na mtengenezaji wa filamu za wanyamapori. Watu wa kijiji kilichopakana na hifadhi walimwita Jicho. Kwa miaka sita alirekodi maisha ya vifaru na ya watu wanaolima kando ya uzio, na alikuwa hodari, hilo hatumnyimi. Alioa hukohuko kijijini. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kaka wa mwalimu ndiye aliyekuwa mfuata nyayo wa hifadhi. Bila shemeji huyo, Jicho asingepata hata picha ya mkia. Shemeji alikuwa akiinama, anagusa udongo kwa kidole, kisha anasema, "Amepita alfajiri, na mwanawe anachechemea mguu wa kushoto." Walifuata, na walimkuta mama na mwana anayechechemea. Siku za karibuni aliinama zaidi, pua ikikaribia kugusa ardhi, na Jicho alimtania kwamba sasa ananusa.

"Nicheke tu, shemeji," mfuata nyayo alijibu. "Dada yangu sijui alikosa nini mpaka akaolewa na mtu wa kufumba jicho moja kutwa nzima."

Katika hifadhi hiyo palikuwa na bonde moja ambalo kifaru jike alijificha na ndama wake. Bonde hilo lilijulikana kwa watu watano tu: mkuu wa askari wa wanyamapori, askari wake wawili, mfuata nyayo na Jicho. Mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa Jicho alikuwa na amri moja. "Piga mnyama. Piga majani, piga mawingu ukitaka. Mlima usiupige." Nyuma ya bonde lile palisimama mlima wenye pengo kileleni, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Aliyeuona mara moja hakuusahau. Mlima ule ulikuwa anwani.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, kifaru alitoka kichakani na ndama ubavuni. Jua lilipenya katika pengo la mlima likawaangukia wote wawili. Jicho akaelekeza kamera. Akabonyeza.

Mfuata nyayo alikohoa kidogo. "Shemeji. Mlima."

"Nitaukata nikifika nyumbani."

Alijaribu kuukata. Mbele ya kompyuta aliusogeza ukingo wa picha chini, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Kila alipoutoa mlima, kifaru alibaki kama ng'ombe aliyesimama zizini. Alipourudisha, picha ilipata uhai. Basi akaurudisha, akajiambia kwamba duniani kuna milima mingi. Picha ikasifiwa kila ilipofika. Jicho akaichapisha kwenye postikadi, akajaza mifuko ya kizibao chake, kile kizibao cha kazi chenye mifuko kila mahali, akawa anazigawa hotelini, kituo cha mafuta, kwenye foleni ya benki. Aliyesifu kazi yake hakuondoka mikono mitupu. Mkuu wa askari hakupewa hata moja, na sababu yake Jicho hakujiuliza.

Miezi mitatu baadaye, redio ya mkononi ilimwita bondeni.

Alikwenda. Kifaru jike alilala kifudifudi, na mahali pa pembe palikuwa na shimo jekundu lililojaa nzi. Ndama alikuwa akimsukuma mama kwa kichwa, anarudi nyuma, anamsukuma tena. Jicho alikaa chini kwenye majani yenye damu, kamera mapajani, asiweze kuiinua. Mkuu wa askari alisimama akimtazama mnyama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Tulikuwa watano."

Siku ya pili kikao kilifanyika katika ofisi ya hifadhi, chumba chenye ramani ukutani na madawati ya kuazima kutoka shuleni. Wanakijiji walijaa hadi mlangoni. Kila mmoja kati ya wale watano alieleza alikuwa wapi katika siku mbili za kabla ya tukio. Zamu ya mfuata nyayo ilipofika, alisema alikwenda mjini kumwona mgonjwa.

"Mgonjwa gani?" mkuu aliuliza.

"Mgonjwa tu."

"Hana jina?"

Mfuata nyayo alitazama viatu vyake. Jicho, ambaye usiku kucha hakulala, alisukuma dawati nyuma. Alisimama.

"Mkuu, tusizunguke mbuyu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ni shemeji yangu, nimekula naye sahani moja. Lakini bonde analijua, siku zile hakuwepo, na mgonjwa wake hana jina. Mimi simfichi mtu."

Mfuata nyayo aliinua uso, akakodoa macho kuelekea sauti ilikotoka.

"Shemeji, unanisema mimi?"

"Nasema ninachokiona."

Mfuata nyayo alichukuliwa, akafungiwa mahabusu. Jioni hiyo Jicho alimkuta mkewe amekaa na rundo la madaftari ya wanafunzi ambayo hakuyasahihisha.

"Ulimuuliza faraghani kwanza?" mwalimu aliuliza.

"Mama watoto, ushahidi—"

"Nimekuuliza. Ulimuuliza?"

Hakumuuliza. Tangu saa hiyo mwalimu alimwekea chakula na kumtengea maji ya kuoga, lakini neno hakumpa. Siku sita nzima nyumba ilikuwa kimya, na Jicho akajiambia kwamba ukweli una gharama zake.

Siku ya saba majangili wawili walikamatwa kwenye kizuizi cha barabara kuu, pembe ikiwa ndani ya gunia la mkaa. Mkuu alimwita Jicho aje kurekodi vielelezo. Jicho alifurahi, filamu yake ilikuwa imepata mwisho. Aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akaelekeza taa mezani, akaanza kurekodi kitu kimoja kimoja. Msumeno. Kamba. Chupa ya maji. Askari mmoja aliingiza mkono mfuko wa nje wa begi, akatoa kikaratasi kigumu kilichokunjwa mara mbili. Akakikunjua chini ya taa.

Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa na ukungu. Jicho alizungusha lenzi taratibu, kama alivyozoea, hadi ikatulia.

Kifaru na ndama. Mvua imekatika. Na juu yao mlima, pengo lake likiwa limezungushiwa kalamu ya risasi, na mshale ukielekea bondeni.

Jicho alitaka kuzima kamera, lakini hakuizima. Askari akageuza kadi. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wa wino wa buluu: "Kwa rafiki wa vifaru. Asante kwa moyo wako mwema." Chini yake, sahihi ya Jicho.

"Aa, shikamoo mzee!" mmoja wa wale majangili alisema kutoka pembeni, pingu mikononi, na kwa kweli alionekana kufurahi kumwona mtu anayemfahamu. "Ni yeye aliyenipa, pale kituo cha mafuta. Nikamsifu, akanipa. Tulizunguka na hiyo kadi siku nne tukiutafuta huo mlima."

Mkuu wa askari alimtazama Jicho, na Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze. Kamera iliendelea kurekodi, na ukiisikiliza sauti yake utasikia mtu akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mfuata nyayo aliachiwa mchana huohuo. Jicho aliomba kikao kilekile, madawati yaleyale, watu walewale, na mkuu alikubali. Mwalimu alikuja akasimama mlangoni. Jicho aliwaonyesha kila alichorekodi bila kukata hata sekunde moja. Kisha alivua kizibao, akakikung'uta juu ya meza. Postikadi zikamwagika kutoka mifuko ya kifua, ya mbavu na ya ndani. Watu waliguna kwa mshtuko. Hata yeye hakujua kwamba alitembea nazo nyingi kiasi hicho.

"Shemeji," alisema, na machozi yalimtoka bila kujizuia. "Nililitafuta kosa kwako, nalo nilikuwa nimelivaa mimi. Nisamehe."

Mfuata nyayo alisogea mezani kwa kupapasa ukingo wake. "Mgonjwa niliyekwenda kumwona ni mimi mwenyewe," alisema. "Macho yananiishia. Daktari amesema mwaka mmoja, labda miwili. Nilificha, kwa sababu mfuata nyayo asiyeona hana kazi. Sasa kila mtu anajua."

Mwalimu alijiziba mdomo kwa kiganja. Mfuata nyayo aliokota kadi moja, akaisogeza karibu na uso, karibu zaidi, pua ikikaribia kuigusa. Safari hii hakuna aliyemtania.

"Picha nzuri, shemeji," alisema hatimaye. "Kifaru simwoni sawasawa. Lakini mlima, hata mimi nauona."

Akairudisha mezani, akamshika dada yake mkono, wakatoka. Jicho alibaki peke yake mbele ya watu, kizibao kitupu mkononi, na hakuhitaji mtu wa kumfafanulia kwamba kikulacho ki nguoni mwako.