Posa Iliyokosea Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa tena, huko nyuma wameanza kupiga miayo.

Pakawa!

Mlango?

Una bawaba.

Bawaba?

Ina kutu.

Na kutu?

Ni ya mwenye nyumba, sisi haituhusu.

Haya. Hapo zamani palikuwa na mji, jina lake Kitopeni, na nyumba zake zote zilikuwa nyeupe. Nyeupe mbele, nyeupe nyuma, nyeupe mpaka mlevi akirudi kwake analala kwa jirani. Chokaa ilitoka tanuri moja, na fundi aliyezijenga alijua kujenga namna moja tu. Kilichotofautisha nyumba na nyumba ni rangi ya mlango na ya mbao za madirisha. Basi watu wa Kitopeni hawakuitana majina. Walisema, Nyeusi kaoa. Manjano kafiwa. Mpelekeeni Kahawia sinia lake la pilau. Ukitaja jina la mtu, wanakutazama kama umetukana.

Katika mji huo alikaa Bwana Shekuwe na mkewe Bi Mishi na binti yao Mwanaheri. Bwana Shekuwe alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kufanana na mtu. Akinunua kofia, akaiona kwa mwingine, anaigawa. Alimwita mwanawe Mwanaheri, mtaa wa pili akazaliwa Mwanaheri mwingine, baba mtu akaumwa homa siku tatu. Wewe uliyevaa kanzu mpya usicheke, nakujua.

Mwanaheri alikuwa anatakwa na wawili. Wa kwanza ni Bwana Mafadhili wa mji wa pili, mwenye minazi huku na huku na meno manne katikati. Wa pili ni Ngwali, seremala, ambaye milango yote ya Kitopeni aliichonga yeye, na mwenyewe alikuwa amepanga chumba chenye pazia. Mwanaheri alimtaka Ngwali. Baba alimtaka Bwana Mafadhili.

"Mwanamume asiye na mlango," alisema Bwana Shekuwe, "nikienda kumtazama mwanangu nitapiga hodi wapi? Kwenye kitambaa?"

Sasa sikilizeni vizuri. Kitopeni posa haikubaliwi kwa maneno. Anakuja mshenga na halua, anapiga hodi, na mwenye nyumba akiila ile halua pale kizingitini, basi yamekwisha. Ukishatafuna, hakuna kadhi wa kukutapisha.

Mshenga wa Bwana Mafadhili akaagizwa aje Ijumaa. Bwana Shekuwe akatazama mlango wake, akaona umepauka. Akaenda kununua rangi.

Jumatatu akanunua kijani. Akachovya, akapaka, akarudi nyuma kutazama. Akachovya, akapaka, akarudi nyuma kutazama. Mlango ukang'aa, madirisha yakang'aa, naye akaenda kulala anatabasamu. Rangi ikabaki nusu kopo. Mwanaheri akalichukua lile kopo, akalipitisha juu ya ukuta wa uani kwa jirani, Bi Kibibi.

Huyu Bi Kibibi alikuwa mjane. Amezika waume watatu, na hakumficha mtu kwamba wa nne angemfaa.

"Bibi, rangi imebaki," akasema Mwanaheri.

"Lete, mjukuu wangu. Mimi hata ingekuwa tope ningepaka."

Msiniulize binti alikuwa na nia gani. Nitawaambia mwenyewe: alimjua baba yake.

Asubuhi Bwana Shekuwe akafungua mlango, akaona kijani ng'ambo ya ukuta. Chai haikupita kooni. Akaenda dukani, akarudi na bluu. Akachovya, akapaka, akarudi nyuma kutazama. Kopo likabaki nusu, likapita juu ya ukuta. Asubuhi ya pili, bluu kwa Bi Kibibi.

Akaenda dukani mara ya tatu, akarudi na nyekundu. Nyekundu hii haikuwa ya mchezo, kuku waliikimbia. Akampelekea mshenga ujumbe: "Ukifika Kitopeni uliza mlango mwekundu. Hapana mwekundu mwingine." Akachovya, akapaka, akarudi nyuma kutazama. Na kopo je?

Likapita juu ya ukuta.

Naam. Alhamisi asubuhi Bwana Shekuwe akatoka, akaona milango miwili myekundu inatazamana. Akakaa chini mavumbini na kanzu yake.

"Acha tu, baba," Mwanaheri akamwambia. "Mshenga ameshaambiwa nyekundu. Kwani kufanana na Bi Kibibi kuna aibu gani? Watu watasema tu nyumba ya kaka na ya dada."

Hapo ndipo alipommaliza. Bwana Shekuwe akainuka, akaenda dukani, akarudi na zambarau.

"Na mshenga?" mkewe akamuuliza.

"Mshenga ana mdomo. Ataniulizia kwa jina."

Bi Mishi akamtazama. "Kwa jina? Kitopeni?"

Lakini mwenzenu alikuwa ameshaanza kukoroga.

Siku hiyo alipaka mpaka pasipopakwa. Alipaka mlango, akapaka fremu, akapaka kingo za mlango na za mbao za madirisha, ili hata vikiwa wazi jirani aione zambarau. Kisha akaufunga mlango, akafunga na madirisha, mshenga akute nyumba imetulia na apige hodi ya heshima. Rangi ile ni ya mafuta, jamani. Haikauki kwa siku moja. Usiku kucha mlango na fremu vilikuwa vinashikana taratibu, na asubuhi vikawa kitu kimoja, madirisha nayo vivyo hivyo.

Ijumaa, baada ya sala, mshenga akaingia mjini na ngoma, na sahani ya halua kichwani kwa mpagazi.

"Jamani, nyumba ya Bwana Shekuwe ni ipi?"

"Shekuwe ndiye nani?" wakamjibu. "Wewe sema mlango."

"Mwekundu."

"Si ule pale!"

Akaenda ule pale.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Kibibi. Alikuwa amevaa kanga mpya, wanja mpaka karibu na masikio.

"Nimeleta posa ya Bwana Mafadhili."

"Tena amechelewa."

"Mwari yuko wapi?"

"Unamtazama."

Mshenga alikuwa na macho, msimdharau. Lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri, jua limemchoma, na bwana wake hakumwambia umri, alimwambia rangi. Akatoa sahani.

Nyumba ya pili, Bwana Shekuwe alikuwa ameweka jicho kwenye mwanya wa dirisha. Akaruka mlangoni. Akavuta, haukufunguka. Akavuta tena, haukufunguka. Akavuta mara ya tatu, mkono ukabaki na komeo. Akapiga kelele, ngoma ikammeza.

"Bi Mishi, kimbia ukamzuie!"

"Na mikono hii ya vitunguu? Nikamshike mgeni kanzu?"

"Mwanaheri, kimbia wewe!"

"Mimi, baba? Mwari nimkimbilie mshenga njiani? Watu watatusemaje?"

"Basi pita wewe mwenyewe mlango wa uani," mkewe akamwambia.

Uani! Uani walikuwa wamejaa wanawake wa mtaa mzima wanapika pilau ya posa, wamejifunga kanga kifuani, wanasema yale wanayoyasema wakiwa peke yao. Mwanamume wa Kitopeni hapiti hapo hata nyumba ikiungua, na Bwana Shekuwe tangu azaliwe alikuwa hajawahi kupita mlango mdogo.

"Sipiti," akasema. Akarudi kwenye mwanya.

Akamwona Bi Kibibi akimega halua. Akamwona akiitia mdomoni. Akamwona akimeza, na kuomba nyingine.

Bwana Mafadhili alikuja baadaye kulalamika, mkisikia. Kadhi akamuuliza, halua ililiwa? Ililiwa. Basi nenda kwa mkeo. Na nasikia yale meno manne Bi Kibibi aliyapenda.

Turudi kwetu. Kitopeni pilau ya posa huliwa palipoliwa halua. Wanawake wakajitwisha masufuria, moja moja, kwenda kwa Bi Kibibi, kurudi kuchukua jingine, kwenda tena. Bwana Shekuwe alikuwa hajala tangu jana akiiwekea nafasi pilau ile. Aliinusa ikitoka yote. Akalia, siwafichi, akalia machozi.

"Nimeita fundi," akasema Bi Mishi.

Mji mzima fundi wa milango ni mmoja.

"Hodi," ikasema sauti nje.

"Nani?"

"Ngwali, seremala."

"Fungua mlango, bwana wee."

"Nitafungua, mzee. Kwanza pokea hii."

Tindo ikapenya chini ya mlango, ikachokonoa, pakapatikana uwazi wa vidole viwili. Kikaingia kipande cha halua juu ya jani la mgomba.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Bwana Shekuwe akatazama kule uani. Wanawake bado wanapita. Akatazama mlango. Umegoma. Akatazama pembeni, binti yake amekaa sakafuni karibu naye.

"Baba, mimi namtaka huyu," Mwanaheri akasema. "Yule mwingine, kila nikimfikiria nalia. Nimekwambia Jumatatu, nimekwambia Jumanne, nimekwambia Jumatano. Ulikuwa unakoroga rangi."

Bwana Shekuwe akamtazama. Akaona macho yamemvimba, wala si ya leo. Wiki nzima alikuwa akitazama mlango. Akaona haya, haya ya kweli, ile isiyohitaji jirani wa kuiona.

Akaichukua halua kwa vidole vyake vya zambarau, akaitia mdomoni.

Kule nje Ngwali akatega sikio. Alipomsikia anatafuna, akaokota nyundo.

Basi hadithi yangu imekomea hapo hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, niitie sukari.