Fisi Aliyeyaambia Machozi Bado

Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo ni pakawa au kuna mtu anapiga miayo? Sogeeni. Chande, toa mguu motoni, leo hatuli nyama choma. Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa nimesikia watu. Hapo zamani za kale, kale ile yenyewe, kabla haujapandwa hata huu muhogo ambao Sikudhani anauiba jivuni...

"Siibi, Mjomba. Naugeuza."

Unaugeuza uelekee tumboni kwako. Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na kijiji chao, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Nyati alikuwa jumbe, mkuu wa kijiji, kwa sababu ana shingo nene isiyogeuka haraka, na asiyegeuka haraka huonekana ana busara. Muhanga alichimba makaburi. Njiwa aliongoza vilio. Na Fisi alikuwa mtani.

Mtani ni nani?

"Ni yule anayekuja msibani kufanya fujo," Chande akasema. "Kama wewe ulivyolala kaburini kwa Mzee Mbegu."

Sikulala, nilikuwa napima. Lakini umesema kweli. Watu wamefiwa, wanalia mpaka hawali, wanalia mpaka hawalali. Mtani anafika. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anawasema wafiwa mbele ya wakwe zao. Watu wanacheka. Wakicheka wanakumbuka kwamba wana njaa, wakila wanapata nguvu ya kuzika. Ni kazi nzuri. Sitamruhusu mtu aseme si nzuri.

Ila mtani naye huwa na mtani wake. Mimi nikifiwa, wale wa upande wa pili, tunaotaniana nao, wanakuja kunichekesha. Fisi hakuwa na wa upande wa pili. Alikuwa mtani wa wote, na hakuna aliyekuwa mtani wake. Kazi hiyo hakuiomba. Walimtazama tu: miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi, mtu yuko uwanjani lakini ukimwona utadhani anapanda mlima. Wakasema, huyu hana haja hata ya kufundishwa.

Basi. Fisi alikuwa na rafiki yake, Ngiri. Walikaa jirani, shimo kwa shimo. Mnajua Ngiri anavyoingia nyumbani kwake? Kinyumenyume, makalio kwanza, ili amwone anayemfuata. Kila jioni Fisi alimwambia, "Ndugu yangu, siku moja utamkuta nyoka amelala humo, na utamkalia."

Ngiri akamjibu, "Atakayekaliwa ndiye wa kulalamika."

Wakacheka wao wawili, kicheko cha nyumbani, kisicho cha kazi.

Mvua ikaja kubwa. Shimo la Ngiri likaporomoka, Ngiri akafa humo ndani. Fisi akaambiwa. Na ndani ya koo machozi yakapiga hodi. Yakasema:

"Fisi, tutoke?"

Fisi alitaka kusema tokeni. Wallahi alitaka. Lakini Jumbe Nyati alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Mtani, watu wamekaa tangu asubuhi, hakuna aliyegusa ugali. Mjane amelia mpaka sauti imekatika. Twende kazini."

"Jumbe, aliyekufa ni rafiki yangu."

"Ndiyo vizuri. Kama ulimjua sana, utamwiga sana."

Fisi akayaambia machozi, "Bado. Tukimaliza."

Akaenda. Akasimamisha mkia kama bendera, mbio kuzunguka uwanja, vile vile Ngiri alivyokuwa akikimbia. Kisha akaingia kaburini kinyumenyume, makalio kwanza, akajilaza, akaweka mikono kifuani. "Mchimbieni marehemu lingine," akasema. "Hili limenikaa mimi." Muhanga akamvuta masikio, hatoki. Watu wakacheka. Mjane wa Ngiri akacheka mpaka akaomba maji, na baada ya maji akaomba ugali.

Fisi akatoka, udongo mwili mzima, akazunguka nyuma ya nyumba peke yake. "Haya machozi, tumemaliza."

Kabla hayajatoka, kichwa kikachungulia pembeni mwa ukuta. Ni mtoto wa Njiwa. "Mtani yuko huku! Mtani, wageni wengine wamefika. Njoo urudie ile ya makalio."

Akairudia.

"Na machozi, Mjomba?"

Machozi yakarudi yakakaa.

Siku zikapita. Fisi alikuwa na mama yake, bibi mzee mwenye upande wa kaniki, ile nguo nyeusi ya kujifunga, na fimbo. Bibi huyu neno lake lilikuwa moja tu: "Umekula?" Ukija kumsalimia, umekula? Ukija kumgombeza, umekula? Mwizi aliwahi kuingia ndani kwake, bibi akafumbua jicho, akamwuliza, umekula? Mwizi akakaa chini, akala, akaosha sahani, akaondoka. Na alikuwapo mjukuu wa bibi huyo, binti wa Fisi, mtoto mmoja tu, jina lake Kidoti, kwa kuwa kati ya madoa yake yote lilikuwamo moja dogo puani.

Bibi akafa. Uzee tu.

Machozi yakapiga hodi, lakini safari hii taratibu, kama mtu aliyefungiwa chumbani na hajui kama nyumba ina watu.

"Fisi, tutoke?"

Na Nyati huyo mlangoni. "Mtani, pole. Watu wamekaa."

"Jumbe, huyu ni mama yangu. Alinibeba mgongoni."

"Tunajua. Alitulisha sote, ndiyo maana watu wanalia vibaya. Nani atawanyamazisha? Mimi? Mimi nikitania watu wanalala."

Hapo alisema kweli. Fisi akayaambia machozi, akasemaje?

"Bado," wakajibu watoto.

"Bado. Tukimaliza." Akajifunga ile kaniki ya mama yake, akashika fimbo, akapinda mgongo. Akapita katikati ya wafiwa, akamwinamia huyu, "Umekula?" Akamwinamia yule, "Umekula?" Akamwendea Muhanga ndani ya kaburi, "Wewe huko chini, umekula?" Akafika mpaka kwa maiti, akainama sikioni, "Umekula?" Watu wakashika mbavu.

Sasa Kidoti alikuwa amelala ndani. Akaamka, akatoka, akaiona ile kaniki kwa nyuma. Akakimbia, akaikumbatia.

"Bibi, nilijua utaamka."

Kila mtu akamtazama Fisi. Na Fisi alitaka kukaa chini pale pale amkumbatie mtoto, walie wote wawili, basi. Lakini watu walikuwa wanamngojea, midomo wazi. Fisi akageuka, akasema kwa sauti ya mama yake:

"Umekula?"

Walicheka, watoto wangu. Walicheka mpaka wengine wakagaragara.

Kidoti hakucheka. Baadaye, wakati watu wanakula, akamwuliza, "Baba, bibi amekufa au hajafa?"

"Amekufa, mama."

"Mbona wewe hulii?"

"Nitalia. Nikimaliza kazi."

"Kazi inaisha lini?"

Fisi akamfunika mtoto kwa ile kaniki, mtoto akalala.

Chande, kula muhogo wako. Usiushike tu hivyo, utakuunguza.

Mwaka ule ukaja na homa. Homa ikampata Kidoti. Fisi akamchemshia majani, akampikia uji, akamwekea kichwa kwenye paja lake. Mtoto akawa wa moto kama sufuria.

"Baba," akasema, "leo usiende popote."

"Siendi."

Na hakutaka kwenda. Katika dunia nzima hakukuwa na mahali Fisi alipopataka isipokuwa pale, na kichwa kile pajani.

Mlangoni nani?

"Nyati," Sikudhani akasema, na alilisema kama anayetema ganda.

Nyati. "Mtani, Kiboko amefariki, ng'ambo ya mto. Ukoo mkubwa ule, wamekuja kukuita wenyewe."

"Jumbe, mtoto wangu anaumwa."

"Homa hupanda na kushuka. Maiti haikai. Na kesho watasema nini? Kwamba mtani alikwenda kwa Ngiri, maskini wa Mungu, akakataa msiba wa Kiboko?"

Fisi akamtazama Kidoti. Akatazama mlango. Akamtazama Kidoti.

"Asiende," Sikudhani akasema.

"Baba, usiende," Kidoti akasema.

Na Fisi akasema, "Narudi kabla uji haujapoa."

Akaenda.

Huko kwa Kiboko, watu wanasema, haijawahi kuonekana. Alitumbukia mtoni mpaka puani, akazungusha masikio, akapanua kinywa, akapiga miayo ya Kiboko mpaka wajane watatu wakawa wanapiga miayo nao. Watu waliomba aache, mbavu zinauma. Alipotaka kuondoka wakamshika mkono: moja tu, mtani, moja ya mwisho. Akawapa moja. Wakaomba nyingine. Akawapa.

Aliporudi, Njiwa alikuwa amekaa mlangoni kwake. Ndani bakuli lilikuwa palepale alipoliacha. Uji umepoa, umeshika utando juu.

"Mjomba."

Ndiyo, Chande.

"Kidoti amelala tu?"

Hapana, baba. Amekufa.

Muhanga akachimba kaburi fupi. Kijiji kizima kikaja, na ukoo wa Kiboko ukavuka mto ukaja. Wakakaa. Wakamtazama Fisi. Nyati akamwendea, na hata yeye safari hii shingo ilikuwa chini.

"Mtani."

"Leo sichekeshi," Fisi akasema.

"Nani basi atachekesha?"

"Asichekeshe mtu. Nimewapa la kwenu kila mlipolitaka. Leo nataka langu. Nataka kumlilia mwanangu. Na mama yangu. Na Ngiri."

Njiwa akasema, "Mwacheni alie." Nyati akarudi nyuma, akasema, "Lia, ndugu yetu. Tuko hapa."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Nyati kumwita ndugu.

Fisi akakaa ukingoni mwa kaburi. Akayaambia machozi, "Tumemaliza. Tokeni."

Hayakutoka.

Msaidieni. Semeni naye.

"Tokeni," watoto wakasema.

"Machozi, ni mimi. Hakuna anayetungoja. Tokeni."

"Tokeni."

Machozi yale yalikaa muda mrefu mno, watoto wangu. Yalikuwa yamesahau njia. Kooni mwa Fisi ilibaki njia moja tu, ile iliyopitwa kila siku, njia ya kicheko. Yakajikokota gizani, yakaipapasa, yakaishika hiyo hiyo. Fisi akafumba macho, akapanua kinywa alie.

Kikatoka kicheko. Kirefu, cha juu, kinapanda, kinakatika, kinapanda tena.

Mwanzo watu walitazamana. Kisha mmoja wa akina Kiboko akapasuka kwa kicheko. Akapasuka wa pili. Kijiji kizima kikacheka. "Mtani ni mtani," wakasema. "Hata kwa mwanawe. Alituweza kweli, mimi nilidhani anataka kulia." Nyati mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa.

Fisi akawatazama, uso mmoja mmoja.

"Nalia," akasema. "Jamani, nalia."

Wakazidi.

Mmoja tu ndiye hakucheka, mjane wa Ngiri. Alisimama, akamwendea, akampangusa shavu kwa upande wa nguo yake. Akaitazama nguo. Ilikuwa kavu.

Fisi akaingia ndani, akachukua lile bakuli la uji uliopoa, akatoka kijijini. Walikuwa bado hawajamaliza kucheka. Hakurudi tena. Anakaa milimani, hana kazi ya mtu, na giza likiingia anakaa chini na kuyaita machozi yake yatoke. Bado yanashika njia ile ile.

"Jana nilimsikia," Chande akasema. "Nilidhani anacheka."

Kila mtu hudhani.

Basi sikilizeni, hili ndilo nililowaitia motoni. Kazi za watu zifanyeni, na msizidharau. Lakini mtoto akikwambia usiende, na moyo wako wenyewe hautaki kwenda, keti. Msiba wa Kiboko utapata wa kuuchekesha, na ukikosa, watu watalala na njaa siku moja. Na siku machozi yako yatakapopiga hodi, usiyaambie bado.

"Mjomba," Sikudhani akasema.

Naam.

"Alipokufa Mama Mdogo, wale watani wa upande wa pili walikwama njiani, barabara ilikuwa tope. Ukatuchekesha wewe."

Ndiyo. Niliigiza anavyopepeta mchele huku anagombana na kuku.

"Na alikuwa dada yako."

Alikuwa dada yangu. Tumbo moja.

"Sasa wewe ulilia lini?"

Kuni hizi nani aliyezileta? Mbichi hizi, moshi wake mbaya kweli. Unaingia machoni, tazama, unatoka na maji. Hapana, Chande, usizitoe. Ziache ziwake. Hadithi yangu imefika kwao, imeweka mzigo chini. Nanyi nendeni mkalale, gawaneni huo muhogo, mniache hapa kidogo na moshi wangu.