Kanga Kwenye Benchi la Nyuma

Ngano iko mlangoni, niifungulie?

— Ifungulie!

Ina miiba.

— Tutavaa viatu!

Mwenye dhambi zake atoke sasa.

— Hatoki mtu!

Haya, mmetaka wenyewe.

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na kanisa lao mlimani. Mchungaji alikuwa Kobe, mpole, msema polepole. Mzee wa kanisa alikuwa Nyani. Na Nyani akianza kusali, jamani, hata waliolala waliitikia amina.

Desturi yao ilikuwa hii. Wakati wa mavuno kila mmoja alileta mtama wa sadaka, ukatiwa kwenye kihenge kando ya madhabahu. Njaa ikija, kila Jumapili baada ya ibada kila nyumba ilipewa kibaba kimoja. Lakini aliyetenda dhambi alitengwa. Aliketi benchi la nyuma, hapewi kibaba, mpaka asimame mbele ya wote aseme, "Nimekosa." Akishasema, anarudishwa kundini.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa. Asubuhi moja kihenge kikakutwa kimebaki nusu. Na nani alikuwa mlangoni pa kanisa akipekua vumbi? Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga watatu. Alikuwa akipekua pale kila siku ya Mungu, lakini siku hiyo ikawa ushahidi.

"Mwizi huyu hapa!" Nyani akapiga kelele. "Nani anapenda mtama kumshinda kanga?"

Wote wakasema, "Kweli, nani?" Hivyo ndivyo kesi ilivyokwisha. Msicheke, hata nyinyi mmewahi kuhukumu hivyo.

Jumapili ya kwanza Kanga akaketi benchi la nyuma. Kobe akamwuliza, "Mama Kanga, unatubu?"

Kanga akasimama, akajibu:

"Nilichokula nakijua,
nisichokula sikitubii.
Mungu yupo, ngojeni aseme."

Vibaba vikagawiwa. Kanga akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jirani yake Pelele, yule pimbi wa mawe, akamfuata njiani. "Mama, si useme tu? Ni neno moja. Watoto wapate kula."

"Nikimdanganya Mungu ili nipate kibaba," Kanga akasema, "hapo ndipo nitakuwa nimeiba."

Pelele akainamisha kichwa, akaenda zake.

Jumapili ya pili Kobe akauliza tena, "Mama Kanga, unatubu?" Kanga akasimama na njaa yake, akajibu:

"Nilichokula nakijua,
nisichokula sikitubii.
Mungu yupo, ngojeni aseme."

Jumatano kifaranga mdogo akafa. Akazikwa bila wimbo, bila sala, maana mama yake alikuwa ametengwa. Kanga alichimba kaburi mwenyewe kwa makucha yake. Akatazama juu akasema, "Mungu, wewe unajua. Mbona umenyamaza? Mimi sitanyamaza." Alisema kwa hasira, na Mungu hakumpiga kwa radi. Anajua hasira ya mama.

Jumapili ya tatu Nyani akasimama kwa mbwembwe. "Mmeona ndugu zangu? Mshahara wa dhambi! Mungu amemwadhibu!"

Kanga akaruka juu ya benchi. "Ishia hapo, Mzee! Mwanangu aliiba nini? Kama Mungu angeua watoto kwa ajili ya konzi ya mtama, humu ndani nani angebaki na mtoto?"

Kobe akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unatubu?"

Mnajua alivyojibu. Semeni naye!

— Nilichokula nakijua! Nisichokula sikitubii! Mungu yupo, ngojeni aseme!

Nyani akaona amedharauliwa. Akainua mikono, akasali kwa sauti kubwa kuliko siku zote. "Ee Bwana, leta mvua! Na mwizi umfichue mchana kweupe!"

Wengine huomba bila kujua wanaomba nini. Jioni hiyo hiyo mvua ikanyesha. Ikanyesha siku mbili, kisha jua likawaka.

Jumapili ya nne wanyama walipopanda kwenda kanisani, wakaona jambo. Mtama umechipua, mbichi kabisa, mstari mmoja. Mstari ulianzia mlango wa kanisa, ukapita kichakani, ukateremka bondeni, ukaishia kwenye pango la Nyani. Mpaka mlangoni pa pango mtama umejaa. Siku ile ya wizi kikapu chake kilikuwa kimetoboka, punje zikadondoka zikafukiwa na vumbi, na yeye alikuwa na haraka, hakutazama chini.

Ndani ya kanisa Pelele akaanguka magoti kabla hajaulizwa. "Mimi nilimwona. Akanipa konzi moja ya mtama ninyamaze, nikanyamaza. Kifaranga akafa nikiwa nimenyamaza." Akalia mpaka sauti ikakauka.

Nyani naye akasimama, akajikuna. "Haya, nimekosa. Nimekosa, nimekosa, basi. Sasa tuendelee na ibada, nani anaongoza wimbo?"

Kobe akamgeukia Kanga. "Mama, umesamehewa. Njoo mbele."

"Nimesamehewa nini, Mchungaji?"

Kobe akamwonyesha tu nafasi ya mbele.

"Nauliza. Nimesamehewa nini?" Kanga akapigapiga benchi kwa bawa. "Hili ni benchi la wakosaji, sivyo? Basi mimi sitoki. Nyinyi njooni huku."

Kobe akashuka madhabahuni. Nyinyi mnamjua kobe anavyotembea. Kanisa zima lilimngoja, hatua kwa hatua, mpaka akafika nyuma, akaketi. "Nimekosa, mama. Nilikuhukumu wewe, nikamhukumu na mtoto."

Pelele akafuata. Akafuata Swala, akafuata Nungunungu, wakafuata wote, kila mmoja na neno lake.

Mbele akabaki Nyani peke yake.

"Njoo, Mzee," Kobe akamwita. "Nafasi yako ipo."

"Mimi niketi nyuma? Nimpigie magoti ndege?" Nyani akatoka nje kwa kishindo. Mlango haukufungwa, ulibaki wazi, na yeye hakurudi. Ndiyo maana hadi leo nyani akila mtama hula wa wizi, kwa pupa, huku akitazama nyuma.

Kanga akawatazama waliobaki. Machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia kaburini. "Mwanangu hamtamrudisha," akasema. "Lakini nimewasikia. Sogeeni, benchi ni fupi."

Mafunzo yake ni haya: Mungu hachelewi, ila hatembei kwa mwendo wetu. Usitubu dhambi isiyo yako kwa kuogopa watu. Na iliyo yako, usiitubu kwa mdomo tu.

Ngano yangu imetoka, mlango nimeuacha wazi. Mwenye lake moyoni ajipime kabla hajalala.