Kinyonga Begani mwa Hoza

Alikuwako mtu mmoja huko milimani aliyekuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, shamba la kabichi lililoinamia bonde, na binti mmoja asiyeitikia salamu. Mtu huyo aliitwa Hoza. Ng'ombe wake walisifiwa, kabichi zake ziligombewa sokoni, lakini binti alimtia aibu, naye aliona aibu mara mbili kwa kuona aibu.

Sauda alikuwa na miaka saba. Hakumtazama mtu machoni. Akiulizwa neno alitazama ukuta, na akiulizwa tena alianza kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka aliyeuliza akachoka. Daktari wa wilayani alikwisha kumweleza Hoza kwamba hali ile inaitwa usonji, kwamba si laana wala utundu, na kwamba mtoto anasikia kila kitu. Hoza alishukuru, akarudi nyumbani, akaendelea kama kawaida. Nanyi mnaijua kawaida hiyo, maana ni yetu sote. Mgeni akifika humshika mtoto kidevu, humwinua uso kwa nguvu, humwambia, "Haya mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?" Watu wote waliopo hunyamaza wakingoja. Shikamoo haikutoka hata siku moja, na mama yake, Zaina, alikuwa akiomba radhi kwa ajili ya mtoto ambaye hakumkosea mtu.

Mwaka huo Sauda alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu, Mwalimu Singano, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, hakukataa moja kwa moja. Alisema aletwe siku ya kufungua shule. Akitaja jina lake kwa kinywa chake mwenyewe, atapokelewa. Akishindwa, akae nyumbani mwaka mwingine. Hoza akaona jambo lenyewe jepesi, jina moja tu. Akaanza kumfundisha. Asubuhi kabla ya kukamua, "Jina lako nani?" Mchana akitoka shambani, "Jina lako nani?" Jioni alipiga magoti mbele yake, pua kwa pua, akauliza tena. Kadiri alivyouliza ndivyo mtoto alivyozidi kuyumba. Ikafika siku Sauda akisikia ndala za baba yake uani, anaingia chini ya meza. Siku hiyo Hoza aliipindua ndoo ya maziwa, akaikalia, akalia. Alimpenda sana mtoto huyu, ila hakujua aupitishie wapi upendo wenyewe.

Basi siku moja alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alipoutua, kinyonga akatoka kati ya majani. Sasa, Hoza hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza nguruwe mwitu kwa mawe, na aliwahi kuteremka korongoni peke yake kumfuata ndama. Lakini kinyonga ni kinyonga. Huko kwao watu humkimbia kinyonga tangu wadogo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hoza alitimua mbio mpaka mlangoni, akalichukua panga, akageuka. Hapo akamwona binti yake amechuchumaa mbele ya mnyama yule, mkono ameunyoosha, kiganja kimetazama juu. Hakumgusa. Hakumwita. Alingoja tu. Kinyonga alimtazama mtoto kwa jicho moja na ng'ombe kwa jicho la pili. Akayumba, mbele na nyuma, kisha akaweka mguu mmoja kwenye kidole cha mtoto, kisha mwingine. Sauda akacheka. Hoza akalirudisha panga mahali pake, polepole, kama mtu aliyekutwa akifanya jambo baya.

Kinyonga akapewa makazi kwenye mlimau ulio nyuma ya jiko. Sauda akamwita Jirani. Kila asubuhi aliweka maganda ya ndizi chini ya mti ili nzi waje, na Jirani akawadaka kwa ule ulimi wake mrefu. Habari hazikukaa. Watoto wa kijiji walianza kuchungulia kwenye ua, wakisukumana, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake. Walikuwa na maswali mengi. Anakula nini, analala wapi, kwa nini leo ni wa kijani na jana alikuwa wa kahawia. Waliuliza huku wakimtazama kinyonga, hawakumtazama Sauda, na labda ndiyo sababu majibu yalitoka. La kwanza lilikuwa "nzi." Baada ya wiki mbili yakawa marefu kuliko maswali. Yeye ndiye aliyeamua nani asogee na nani akae mbali kwanza mpaka atulie, na watoto waliomwita bubu wakamtii kama askari. Zaina alipomsikia bintiye akicheka na wenzake alisimama dirishani akasahau jiko, na maharage yakaungua yote. Yaliliwa hivyo hivyo, na hakuna siku ambayo chakula kilikuwa kitamu katika nyumba ile kama siku hiyo.

Siku ya kufungua shule ikafika. Sauda alisimama chini ya mlimau na sare mpya, akagoma kwenda bila Jirani. Hoza alimbembeleza, kisha akamkemea, na mtoto akaanza kuyumba. Hapo Hoza akaacha kukemea. Sauda akamchukua kinyonga, akamwinulia baba yake. "Jirani anapenda juu," alisema. Na katika nyumba ile hakuna kilichokuwa juu kuliko bega la baba. Hoza akachuchumaa kama alivyomwona mtoto akifanya, akafumba macho, akangoja. Alihisi vidole vidogo vikishika kola ya shati, kisha shingo. Hakufa.

Wakaenda hivyo, Hoza mbele na mnyama wake. Wanawake waliotoka kisimani waliacha njia wakakata mashambani. Kijana wa bodaboda aliwaona kwa mbali, akageuza pikipiki, akarudi alikotoka na abiria wake. Hoza alisalimia kila mtu na hakuna aliyesimama kuipokea salamu yake. Siku hiyo ndipo alipojua inavyokuwa kupita katikati ya watu nao wakakukwepa. Moyo ukamuuma, na alipotazama chini akaona binti yake, aliyeyajua hayo siku zote, amemshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono kwa hiari yake kabla ya siku hiyo.

Mwalimu Singano alikuwa ofisini, mezani ana rundo la madaftari. Akainua uso amkaribishe mzazi, akaliona bega la mzazi. Walimu wengine waliokuwamo mle ndani walikuja kusema baadaye kwamba hawakujua kiti kile kingeweza kubeba uzito ule. Mwalimu mkuu alisimama juu ya kiti hicho, mgongo ukutani, madaftari sakafuni, akaomba kwa kisauti ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukisikia kwamba mnyama yule atolewe. Hoza akaona yote yameharibika. Akafungua kinywa kuomba radhi, kama alivyozoea mkewe. Lakini Sauda alikwisha kumvuta baba yake chini na kumshusha Jirani begani. Akaenda mpaka kwenye kiti, akatazama viatu vya mwalimu, akasema kwa sauti iliyotosha:

"Mwalimu, nyoosha mkono, halafu ungoje. Atakuja mwenyewe."

Mtu mzima yule akanyoosha mkono. Kinyonga akamtazama kwa jicho moja, akafikiri, akayumba, akafikiri tena. Mwalimu akangoja, jasho likimtiririka, na labda ilikuwa mara ya kwanza kungoja kitu tangu apewe cheo. Mwishowe mguu mmoja ukagusa kidole chake, kisha wa pili, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtoto.

"Anaitwa nani?" aliuliza kwa kunong'ona, asiondoe macho kwenye mkono wake.

"Jirani," alisema Sauda. "Mimi ni Sauda Hoza."

Mwalimu mkuu aliliandika jina hilo kwenye daftari la shule kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mgeni. Sauda akaingia darasani. Baba yake akarudi nyumbani na kinyonga begani, kwa kuwa shule ilimpokea mmoja tu, na njiani alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa mkono ule ule ulioshikwa na binti yake.

Sasa ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza, nijibuni kwa haki: katika miaka ile saba, nani alikuwa akimwogopa nani?