Moshi Sebuleni kwa Fundi Saa

Sebule ya fundi saa ilikuwa na saa kumi na tisa ukutani, na hakuna hata mbili zilizopatana. Katikati palikuwa na meza ya kazi, kiti kilichotobolewa na majivu ya moto, na kisahani cha vipande vya sigara kilichojaa pomoni. Mzee huyo alikuwa amevuta kwa miaka arobaini, na kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima. Wapo walioapa kwamba siku moja kiliangusha tofali la uzio. Jirani yake, fundi viatu, hakuwa na haja ya saa: kikohozi cha alfajiri kikilia mara ya tatu, aliinuka akapiga mswaki.

Mzee aliishi na bintiye wa pekee. Mume wa binti alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, halali nyumbani ila wiki moja kwa mwezi. Sasa binti alikuwa na mimba ya miezi saba, na mzee, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, alitembea kama mtu asiyekanyaga chini. Nyumba ilikuwa inasubiri mgeni, na mzee alimsubiri mgeni huyo kuliko mvua.

Jumamosi moja asubuhi wakakaa kupanga mahitaji ya mtoto. Mzee alikuja na orodha yake, vitu arobaini na vitatu. Binti akachukua penseli, akaanza kufyeka.

"Kiti cha kubembea cha nini, baba?"

"Cha kubembea."

"Hata kukaa hajui. Na viatu jozi nne?"

"Ulitaka aende pekupeku?"

"Aende wapi? Anazaliwa, baba, haendi kazini."

Vikabaki nepi, fulana, kofia, soksi, blanketi mbili nyepesi, beseni, sabuni isiyo na manukato, na kitanda kidogo chenye godoro gumu. Kisha binti akaandika maneno mawili chini kabisa, akamgeuzia baba yake karatasi: hewa safi.

"Hii nayo inauzwa duka gani?" mzee akauliza huku akiwasha sigara.

"Haiuzwi. Mkunga kaniuliza nyumbani nani anavuta, nikaona haya kujibu. Anasema moshi hauishii hewani, unaganda kwenye mapazia, kwenye viti, hata kwenye nguo, na kifua cha mtoto mchanga hakiuwezi. Hivi vingine vikikosekana tutaazima. Hewa tutaazima kwa nani?"

"Mbona wewe umekulia humuhumu? Umepungukiwa nini?"

"Kila msimu wa baridi nilikuwa nalazwa kwa kifua, baba. Mama ndiye aliyekuwa akilala nami wodini. Umesahau?"

Mzee hakuwa amesahau. Ila mambo hayo alikuwa ameyaweka mahali asipopita. Akaizima sigara, akala kiapo kwamba hiyo ndiyo ya mwisho.

Kiapo kilidumu siku nne. Siku ya tano alijifungia bafuni, akachuchumaa sakafuni na kupuliza moshi kwenye tundu la maji machafu, akiamini utateremka na maji. Akapiga mswaki mara mbili, akatafuna karafuu tano, akatoka akinukia kama duka la viungo. Nyuma yake moshi nao ukatoka, taratibu, kama mtu aliyealikwa.

Binti hakugomba. Angegomba, mzee angejua pa kuanzia kujitetea. Alikwenda kwenye kitanda cha mtoto, akatoa nepi, fulana na blanketi, akavipanga ndani ya begi.

"Unakwenda wapi, mama?" mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Siendi leo. Nitajifungulia hospitali ya hapa hapa, kisha nitahamia kwa wifi. Mume wangu ameshaongea naye."

Kwa wifi kulikuwa safari ya siku nzima kwa basi.

"Umenikasirikia."

"Sijakukasirikia, baba. Wewe unaweza kusema ukikereka. Huyu hana mdomo, mdomo wake ni mimi."

Mzee akabaki na kitanda kitupu. Akakitazama mpaka saa kumi na tisa zikamaliza kugonga saa sita mchana, kila moja kwa wakati wake. Kisha akachukua pakiti yake, akaitosa kwenye ndoo ya maji na kuibonyeza kama mtu anayefua. Safari hii hakuapa. Alijua kwamba viapo vyake havina tena mnunuzi.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa moto. Alitafuna penseli hadi ikabaki risasi. Akili ikiwa kwenye sigara, akafunga mashine ya saa ya mteja mmoja kinyume. Mama wa watu akarudi akilalamika kwamba amefika kazini jana.

"Fundi, siku hizi hukohoi," fundi viatu akamchokoza. "Nimechelewa kufungua duka mara mbili."

"Nunua saa."

"Kwako? Nifike jana?"

Mzee akajikaza kisabuni. Alifua mapazia, maji yakatoka meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Akasugua kuta. Kile kiti cha matundu akakibeba mwenyewe hadi jalalani. Binti aliyaona yote hayo. Lakini begi lake lilibaki mlangoni, limefungwa, na mzee hakuthubutu kuuliza.

Mtoto alikuja siku tisa kabla ya tarehe yake, baba yake akiwa angali barabarani. Uchungu ulimshika binti akiwa kliniki na begi lake, na habari ilipomfikia mzee, aliacha saa ya mtu wazi mezani, akavaa shati safi na kukimbilia hospitali. Wodi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi mbilimbili, akaingia, akasimama mbele ya kitanda cha binti. Begi lilikuwa pale pembeni.

"Karibu, babu," muuguzi akasema. "Ngoja nikuletee kiti. Leo wazee wote wakifika hapa tunawapa kiti kwanza, mtoto baadaye."

"Kiti cha nini?"

Binti akamtazama. "Baba, umepanda ngazi?"

"Nimepanda."

"Zote?"

"Ulitaka nibakize?"

"Bila kupumzika?"

Hapo ndipo mzee alipojisikiliza. Mtu huyu, miezi miwili tu nyuma, alipumzika mara mbili kati ya geti na mlango wake mwenyewe. Akajaribu kukohoa, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta kitu alichozoea kuwa nacho. Hakikutoka kitu.

Binti akauvuta mkono wa shati lake, akaunusa. Sabuni tupu. Akamwinua mtoto na kumweka kwenye mikono ya babu yake. Alikuwa mwepesi kuliko saa ya mezani.

"Tutafutie teksi, baba. Tukiruhusiwa tunakwenda nyumbani."

"Kwa wifi yako?"

"Kwako."

Mzee akamkumbatia mtoto kifuani. Akavuta pumzi ndefu, ikashuka hadi chini kabisa ya kifua, mahali ambapo pumzi haikuwa imefika kwa miaka mingi. Mtoto alikuwa na umri wa saa tano, macho hajafumbua, na tayari alikuwa amemtibu mtu. Ndiyo maana wahenga wakanena: mgeni njoo, mwenyeji apone.