Magamba Kumi na Moja ya Bi Mwanamvua

"Wingi wa magamba si wingi wa nyoka." Hiyo ndiyo methali mliyoisikia leo kwa fundi baiskeli, mkadhani anamtukana mtu. Hakumtukana mtu. Alikuwa anamnyamazisha msema ovyo, na hilo si tusi, ni hisani. Haya, aliyekaa mlangoni asogee mwanga uingie, na mwenye kutafuna muwa ateme makapi nje. Mwanzo wa maneno hayo ni huu.

Kijiji cha Kinduni kilikaa kando ya kinamasi, na kinamasi kilijaa mikindu. Ukindu wa pale ulikuwa mrefu na laini, na katika wanawake wote waliousuka hakuna aliyemfikia Bi Mwanamvua. Mkeka wake ukiutandaza hujui mshono umepita wapi. Mikono ilikuwa na akili, lakini ulimi nao, toba! Akikuta kosa kwenye mkeka wa mtu, hata uwe wa mke wa jumbe, hamezi mate akanyamaza. "Hapa umeruka," husema, kidole kikiwa palepale. Watu walimpenda sana, ila hawakupenda akae kwenye mikeka yao.

Mwaka huo alikuwa na jambo zito. Binti yake, Tausi, alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga. Desturi ya Kinduni ilikuwa kwamba mwali haendi kwa mume bila mikeka saba mipya, na mikeka hiyo iwe imesukwa na mama yake. Mama asiyejua kusuka akinunua, watu humwelewa. Lakini Mwanamvua anunue mkeka? Si angeimbwa kwenye ngoma mpaka wajukuu waote mvi? Na hakuwa na ukindu hata wa kusukia kawa moja ya kufunikia chakula.

Alikosa ukindu kwa sababu kinamasini mlikuwa na chatu. Bi Mwanamvua hakuogopa mkwe wala jumbe, ila nyoka alimwogopa kuliko kitu chochote hapa duniani. Akiona kamba imelala njiani, anazunguka kupitia shamba la jirani. Angekuwa chatu mmoja labda angejikaza, lakini kijiji kizima kilisema ni wengi. Karibu kila nyumba ilikuwa na gamba la chatu lililookotwa kinamasini. Wengine walilining'iniza ghalani ili panya waogope, wengine walilitunza kwa dawa ya mgongo. Na kila mwenye gamba alikuwa na hadithi ya nyoka wake, na nyoka wa leo alikuwa lazima awe mnene kuliko wa jana. Aliyevuma zaidi ni Kibwana mgema, ambaye aliapa kuwa akiwa juu ya mnazi huona migongo ya chatu imepangana kama magogo.

Sasa, Kinduni kulikuwa na sheria ya zamani. Mababu zao waliwinda paa mpaka wakawamaliza, wakabaki kusimulia utamu wa nyama kwa watoto ambao hawakuwahi kuionja. Kwa aibu ile wakakubaliana: mnyama yeyote akisemwa kuwa amepungua, baraza likae na kuchunguza. Likiona kweli amebaki kidogo, ni marufuku kumuua, na mahali anapoishi panafungwa miaka miwili, asiingie mtu. Likiona wapo wengi, vijana wanaruhusiwa kuingia na mikuki.

Aliyepeleka neno kwa Jumbe Mwinyigoha alikuwa Mzee Pazi, mkulima wa mpunga ambaye shamba lake lilipakana na kinamasi. Alikuwa mzee mpole, asiyepandisha sauti hata kwa ndege wa mpunga. "Jumbe," alisema, "chatu wanakwisha. Zamani nikienda kupalilia nilikuwa nawakuta wanne, watano, wanaota jua. Sasa namwona mmoja, naye kwa bahati."

Habari zilipomfikia Bi Mwanamvua, nusura amwage uji. Kinamasi kifungwe miaka miwili, na harusi ni miezi mitatu! Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mpaka shambani kwa mzee.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Macho yako hali gani siku hizi?"

"Namshukuru Mungu, yanaona."

"Yanaona nini, kama hayaoni chatu waliojaa mlangoni kwako?"

Mzee Pazi akacheka. "Mwanamvua, mimi nimesema nilichokiona. Nawe siku ya baraza njoo useme ulichokiona."

"Nitakuja. Na sitakuja na maneno matupu, nitakuja na ushahidi."

Akapita nyumba kwa nyumba kuomba magamba. Aliyapata kumi na moja. Kuyagusa hakuweza, akayabeba kwa kijiti mpaka kwenye kapu, na kapu akamtwika Tausi, naye mwenyewe akatembea mbele kwa mbele kama anayefukuzwa. Fikira yake ilikuwa nzuri. Atachukua mkeka chakavu, ayashone magamba yote juu yake ubavu kwa ubavu, matumbo juu, ili jumbe akiutandaza tu aone nyoka kumi na moja kwa mpigo. Nani atabisha?

Lakini huwezi kushona bila kugusa. Alipiga bismillahi, akafumba jicho moja, akashika gamba la kwanza huku anasonya. La pili alilishika kwa vidole viwili. La tatu, mikono ilikuwa imekwisha kusahau kwamba hili ni la nyoka. Ilikuwa kazi, basi. Akalinganisha mikia na mikia, akanyoosha, akapiga sindano, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama mistari imekaa sawa.

"Hapa umeruka," akasema kwa mazoea, kidole kikiwa palepale.

Karibu na mkia wa gamba la kwanza, vipande vitatu vya tumboni vilikuwa vimeungana kwa upogo, kama kovu la kuungua. Akatazama gamba la pili. Upogo uleule, mahali palepale. La tatu hivyohivyo. Akaenda mpaka la kumi na moja. Mama huyu alikuwa ametumia maisha yake yote kutazama makosa, na alijua jambo moja kwa hakika: watu wawili hawawezi kukosea sawasawa, mahali pamoja, mara kumi na moja. Haya hayakuwa magamba ya nyoka kumi na mmoja. Alikuwa nyoka mmoja, aliyejivua mara kumi na moja.

Akakaa chini. Tausi, aliyekuwa anapeta mchele, akauliza, "Mama, vipi? Umechoka?"

"Sijachoka."

"Mbona umenyamaza?"

"Kwani kunyamaza kumekatazwa?" akajibu kwa ukali, na mara akaona vibaya, maana binti hakuwa na kosa. Alimtazama Tausi, akaifikiria ile mikeka saba, akawafikiria mawifi wa binti yake watakavyobetua midomo. Kisha akafumua nyuzi zote, akashona upya. Safari hii kila gamba alililaza kidogo juu ya mwenzake, na pale penye upogo pakafunikwa. Mshono ulitoka mzuri ajabu. Yeye mwenyewe hakufurahi.

Siku ya baraza watu walijaa uwanjani kwa jumbe. Mzee Pazi alisema maneno yake machache, akakaa. Kibwana alisema mengi, mpaka akaambiwa akae. Kisha mkeka wa Bi Mwanamvua ukatandazwa, na watu wakapiga kelele zilizowarusha kuku. Kumi na moja! Vijana walianza kuulizana nani ana mkuki wa kuazima.

"Naona mambo yamekwisha," alisema Jumbe Mwinyigoha. "Mzee Pazi, utatusamehe, lakini ushahidi ndio huu. Na kwa kuwa umeshonwa na Mwanamvua, sote tunajua kitu chake hakina kosa."

Angenyamaza pale, wajukuu zangu, angepata kila alichokitaka. Lakini mwenye kusema kweli kwenye mikeka ya watu alisikia lile neno "hakina kosa" likitajwa juu ya mkeka wake mwenyewe.

"Kina kosa," akasema.

"Nini?"

"Nimesema kina kosa!" Akasimama, akaenda katikati ya uwanja, akaushika mkeka na kukata nyuzi kwa meno mbele ya watu wote. Magamba yakalegea, ule upogo ukaonekana. "Tazameni hapa. Na hapa. Na hapa. Ni kovu moja. Nyoka huyu ni mmoja. Niliona juzi nikaficha, kwa sababu nataka ukindu. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe."

Kibwana hakukubali. "Haiwezekani! Hili refu, hili fupi. Nyoka mmoja atakuwaje na urefu wa namna mbili?"

"Ewe Kibwana, ukishuka mnazini acha pombe hukohuko juu," akajibu Bi Mwanamvua. "Nikikuletea magauni yote aliyovaa Tausi tangu azaliwe, utasema nina mabinti kumi na mmoja? Ninaye mmoja tu, na yule pale anaona haya."

Watu waliangua kicheko, Tausi akajifunika uso kwa kanga. Walipotulia, Mzee Pazi akasema polepole, "Ni jike. Mwaka jana nilimkuta amejikunja juu ya mayai yake, anayalalia kwa mapenzi. Siku nyingi alikaa pale. Hayakuanguliwa hata moja, maana hana dume."

Hapo hata vijana wa mikuki walitazama chini. Bi Mwanamvua, aliyekuwa akimchukia nyoka yule kwa kumzuilia ukindu, alijikuta anamwonea huruma kama jirani aliyefiwa.

Jumbe alitoa uamuzi. Chatu asiguswe, atakayemuua atatozwa mbuzi wawili, na kinamasi kifungwe. Alipofika hapo kwenye kufunga, Bi Mwanamvua akanyoosha mkono.

"Jumbe, nina swali. Analala wapi?"

"Upande wa kichuguu," akajibu Mzee Pazi. "Siku zote."

"Basi nyoka mmoja analalaje pande mbili? Wangekuwa kumi na mmoja ningesema funga kote. Huyu ni mmoja. Mpeni upande wake, nami nipeni wangu."

Jumbe alijikuna kidevu, akawatazama wazee, wazee wakacheka. Upande wa kichuguu ukafungwa, upande wa mto ukabaki wazi. Kesho yake Bi Mwanamvua aliingia kinamasini na panga lake. Aliogopa, tena sana, akawa anaimba kwa sauti ili nyoka amsikie na kumpisha. Lakini kumwogopa nyoka mmoja ni jambo mtu analoweza kulibeba huku anakata ukindu. Mikeka saba ilisukwa, na ya nane akaisuka kwa raha zake.

Likabaki la dume. Kijiji cha Vinyangwa, ng'ambo ya mto, kilisifika kwa chatu. Ikaamuliwa waende kuomba dume mmoja. Kibwana akauliza tangu lini upande wa mwanamke ukaenda kuposa, na kweli, jambo lilikuwa la kuchekesha. Lakini kwa kuwa Bi Mwanamvua ndiye aliyeanzisha fujo yote, akafanywa mshenga mkuu. Alikwenda na Mzee Pazi na wazee wa baraza, mkeka wa nane kichwani.

Mkubwa wa Vinyangwa, Mzee Shomari, aliwapokea vizuri, akawapa maji ya madafu, akasikiliza haja yao. Kisha akacheka mpaka machozi.

"Kinduni, mnatufanya watoto? Habari zenu zimevuka mto zamani. Kila nyumba ina gamba! Mlitandaza magamba kumi na moja mbele ya jumbe! Mwenye nyoka wengi namna hiyo anakuja kuomba nyoka kwangu?"

Bi Mwanamvua akautua mkeka chini.

"Baba," akasema kwa heshima, "wingi wa magamba si wingi wa nyoka."

Akaeleza yote, hata lile la kuficha kovu. Hakujipunguzia lawama. Mzee Shomari alisikiliza, na kicheko chake kikapungua kidogokidogo. Bi Mwanamvua alipomaliza, mzee akawageukia watu wake waliokaa barazani.

"Na sisi," akauliza, "kati yetu nani amemwona nyoka mwenyewe mwaka huu?"

Mmoja alisema shemeji yake ana gamba. Mwingine alisema kwao yamo mawili, ghalani. Aliyemwona nyoka mwenyewe hakupatikana. Siku ileile Vinyangwa wote walitoka kutafuta, na Mzee Pazi, aliyejua dume kwa urefu wa mkia, akawaongoza. Siku ya tatu walikuwa wamepata chatu watatu, madume wawili na jike mmoja. Kijiji kilichosifika kwa chatu! Mzee Shomari aliwatazama sana wale watatu. Akatoa dume mmoja, akawekwa ndani ya tenga na kufungwa kwa kamba, wanawake wakapiga vigelegele. Na kabla wageni hawajafika mtoni, Vinyangwa nao walikuwa wamekaa baraza la kuwalinda wawili waliobaki.

Tangu hapo, huku kwetu, mtu akija anahema na kusema kwamba jambo fulani limejaa kila mahali, haulizwi amesikia kwa wangapi. Anaulizwa kitu kimoja tu: umemwona nyoka, au umeona gamba? Maana wingi wa magamba si wingi wa nyoka.