Siku Nne Mbele ya Kizuizi

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Asiyepiga kelele si kwamba hana neno. Huenda kimya chake kikatikisa kile ambacho makelele yameshindwa kukisogeza. Émérance aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini maana yake aliipata kwa damu ya mwanawe.

Mama huyu mjane aliishi kijijini Wamaza, akilima mpunga na mihogo. Kila Jumamosi alipika wali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, akauza kando ya kizuizi ambacho watu wenye bunduki walikuwa wamekiweka kwenye njia iendayo machimbo ya dhahabu ya Salamabila: mti mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Hakuna aliyepita pale bila kuacha kitu. Mwenye kuku aliacha kuku, mwenye mchele aliacha kibaba. Watu walimeza mate machungu wakaendelea na safari.

Mwanawe wa pekee, Michel, aliendesha pikipiki ya abiria. Asubuhi moja ya mvua alimbeba jirani yao, Francine, aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua, akimkimbiza hospitalini. Kizuizini aliambiwa angoje. Akasihi. Akangoja tena. Francine alipopiga yowe, Michel alishuka akauinua mti kwa mkono wake mwenyewe. Risasi ilimkuta mkono ungali juu. Francine alijifungua palepale matopeni, hatua tatu kutoka kwenye maiti.

Baada ya maziko, Lwamba, baba mdogo wa marehemu, aliwakusanya vijana wenye mapanga.

"Yaya," alimwambia Émérance, kama wamwitavyo dada mkubwa, "leo tunaenda. Mutoto wetu hawezi kufa sawa mbuzi."

"Wenye bunduki wako wangapi?"

"Kumi na mbili."

"Na mimi kesho nitazika wangapi? Nimeisha kuzika mumoja, Lwamba. Mikono yangu imechoka udongo."

"Basi tunyamaze?"

"Ndiyo. Tunyamaze, lakini mbele ya macho yao."

Kulipopambazuka alitwaa mkeka, akaenda kuketi mbele ya kizuizi. Hidaya, mama wa msikitini ambaye kwa miaka miwili hawakusalimiana naye kwa sababu ya mpaka wa shamba, akaja akaketi kando yake bila kuitwa. Wakaja pia akina mama wa parokia. Kufikia adhuhuri walikuwa arobaini, Francine miongoni mwao na kichanga chake. Hakuna aliyeimba wala kuomboleza. Hakuna aliyewapikia wenye bunduki wala kuwatekea maji. Waendesha pikipiki walipofika walizima injini wakaketi nyuma yao. Njia ya Salamabila ikafa ganzi.

"Munataka nini? Semeni!" kamanda alifoka.

Kimya. Akafyatua risasi hewani. Wanawake wakainamisha vichwa, kisha wakaviinua tena. Siku ya pili Hidaya alipigwa kitako cha bunduki, bega likavunjika. Alifungwa kitambaa, akarudi kuketi palepale. Siku ya tatu mvua iliwanyea tangu asubuhi hadi alasiri, wasiinuke. Kichanga tu ndicho kilicholia, na kila kilipolia, wenye bunduki waligeuza nyuso zao.

Siku ya nne mmoja wao alitoka. Aliitwa Pacifique, kijana ambaye Émérance alizoea kumwongezea sombe kila Jumamosi. Aliweka bunduki chini.

"Mama," alisema, "ni mimi. Ni mimi nilipiga Michel. Usinyamaze tena, nakuomba. Unitukane. Unipige."

Émérance alimtazama. Machozi yalimchuruzika hadi kidevuni, lakini neno halikutoka. Kijana alipiga magoti, akaangua kilio. Wenzake walipoona hayo nguvu ziliwaishia. Mmoja mmoja wakatokomea msituni, kamanda wao akitangulia.

Jioni walifika wakubwa wa serikali kutoka mji wa Kasongo, maana wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila walikuwa wamelalamika kwamba chakula hakifiki. Waliukuta mti umetupwa mtaroni. Wakamchukua Pacifique kumpeleka mahakamani.

"Yaya, umeshinda," alisema Lwamba.

"Sikushinda," Émérance alijibu kwa sauti iliyokauka. "Michel iko mu udongo."

"Na ule kijana? Umemusamehe?"

"Hapana. Nilinyamaza sababu ningelifungua kinywa, ningelimulaani yeye na mama yake, na ninyi mungelishika mapanga."

Ndipo akajifunika uso kwa kitenge, akakiachia kilio alichokizuia tangu maziko. Hidaya alimshika kwa mkono wake mmoja mzima. Mbele yao pikipiki zilianza kupita moja baada ya nyingine bila kusimama, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Michel. Bunduki kumi na mbili zilikuwa zimeshindwa na vinywa arobaini vilivyofumbwa: hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.